Umwinyi wa Japani Uliangushwa na Daftari, Si Mizinga

Juzi, baada ya sala ya alasiri, tulikuwa tumeketi barazani kama ilivyo ada yetu, kahawa chungu mkononi na kashata mbele yetu, ndipo kijana mmoja akaleta mazungumzo ya filamu aliyoitazama ya wapiganaji wa Japani, wale waitwao samurai. Akausifu upanga wao, akausifu na uaminifu wao kwa mabwana zao, kisha akauliza swali: "Watu mashujaa namna hii, utawala wao ulikwenda wapi?"

Mwalimu mmoja wa historia, mtu ninayemheshimu kwa elimu yake, akamjibu papo hapo. "Uliangushwa na Wamarekani. Mwaka 1853 alikuja Perry na manowari zake, akaelekeza mizinga pwani, na miaka kumi na mitano baadaye hakukuwa na utawala tena."

Watu wakaitikia kwa vichwa. Mimi nikasema, "Mwalimu, nyumba iliyosimama miaka mia mbili na khamsini haianguki kwa kutishwa na meli nne. Tazama kwanza boriti zake kama hazikuliwa na mchwa." Akacheka akaniambia, "Haya ustadhi, tuonyeshe hao mchwa." Mara adhana ya magharibi ikatukata kauli, watu wakainuka, na deni la maneno likabakia juu yangu. Dawa ya deni kulipa, nami nalilipa hapa ukurasani.

Nianze na namna nyumba yenyewe ilivyojengwa. Mwaka 1600 Tokugawa Ieyasu aliwashinda mahasimu wake katika vita vya Sekigahara, na mwaka 1603 akapewa cheo cha shogun, maana yake amiri mkuu wa majeshi yote. Mfalme alibakia Kyoto na heshima za nasaba yake, lakini amri zilitoka Edo, mji ambao leo waitwa Tokyo. Chini ya shogun walikuwako mabwana wa majimbo, daimyo, kiasi cha 260, kila mmoja na ngome yake na askari wake. Chini ya hao mabwana walikuwako samurai, ambao pamoja na jamaa zao walikuwa kama watu watano hadi saba katika kila mia. Hao ndio waliokuwa na haki ya kuvaa panga mbili kiunoni. Kisha wakaja wakulima, kisha mafundi, na nyuma ya wote wafanya biashara. Na nje ya safu hizo walikuwako watu waliotengwa kabisa, wasiohesabiwa.

Mfanya biashara aliwekwa nyuma kwa hoja hii: mkulima hutoa chakula, fundi hutoa chombo, bali mfanya biashara hatoi kitu, kazi yake kuhamisha vya wenziwe na kula faida. Sisi ambao miji yetu ilijengwa kwa jahazi na mizani twaweza kuicheka hoja hiyo. Watawala wa Edo hawakuicheka. Waliiamini, wakaijengea dola nzima, na hapo ndipo mchwa wa kwanza alipoingia.

Mali ya mwinyi wa Kijapani haikuhesabiwa kwa fedha. Ilihesabiwa kwa mchele, na kipimo chake ni koku, kiasi cha lita 180, ambacho walikichukulia kuwa ndicho chakula cha mtu mmoja kwa mwaka. Bwana wa Kaga, tajiri kuliko daimyo wote, alihesabiwa koku zaidi ya milioni moja. Samurai mdogo alipewa koku chache, akashukuru. Kodi ya mkulima ilikuwa mchele, mshahara wa askari ulikuwa mchele, na heshima ya mtu ilipimwa kwa mchele. Lakini sokoni watu walinunua kwa fedha. Basi tajiri wa mchele alikuwa hana njia ya kununua hata jora la nguo mpaka kwanza ampelekee mchele wake yule mtu anayemdharau, ampimie, na amtajie bei. Ndugu zangu, ukimdharau mtu ambaye huwezi kulala bila yeye, wewe na yeye nani bwana?

Wageni mjini kwao

Katika zama za vita samurai alikaa shamba, akalima, akafuga farasi wake, na akila alikula jasho lake. Watawala waliogopa watu wenye silaha waliotawanyika vijijini, wakawakusanya wote katika miji ya ngome, chini ya jicho la bwana. Kwa usalama lilikuwa jambo la busara. Kwa mfuko lilikuwa msiba. Mwanachuoni Ogyu Sorai, aliyefariki mwaka 1728, aliliona hilo mapema, akaeleza kwamba samurai wa mjini aishi kama mgeni katika nyumba ya kulala wageni: hata kijiti cha kulia chakula hana budi akitolee pesa. Akashauri warudishwe mashamba. Hakuna aliyemsikiliza, kwani nani aliyeonja mji akakubali kurudi kondeni?

Kisha ikaja amri ya mwaka 1635, zama za shogun Iemitsu. Kila daimyo alilazimishwa kukaa Edo kwa zamu, kwa kawaida mwaka mmoja Edo na mwaka mmoja jimboni kwake, na mkewe na mrithi wake wakae Edo siku zote, wawe amana mikononi mwa serikali. Bwana angeasije hali mwanawe yumo katika mkono wa shogun? Hila hiyo ilifanya kazi vizuri mno. Lakini mwinyi hasafiri peke yake kama mimi na wewe. Msafara wa bwana wa Kaga ulipita watu elfu mbili, na mikuki, na masanduku, na farasi, na wapishi, wakilala njiani siku baada ya siku. Huko Edo alihitaji majumba, watumishi, zawadi za kumpa shogun, na mavazi ya kumtia wivu jirani. Sehemu kubwa ya mapato ya jimbo ikaliwa na njia na mji.

Fedha hizo hazikupotea. Zilimwagika mikononi mwa wenye nyumba za wageni, wachukuzi, wauza nguo, wauza sake na waashi. Edo ilikua hata ikafika watu kiasi cha milioni moja katika karne ya 18, mmoja katika miji mikubwa kabisa ya dunia ya wakati ule. Mwaka 1673 Mitsui Takatoshi alifungua duka la nguo pale Edo, akauza kwa fedha taslimu na kwa bei isiyobadilika, bwana na mtwana bei moja. Fikiri, msomaji: katika nchi ambayo sheria ilimwambia kila mtu avae nini kwa daraja lake, likasimama duka ambalo mbele ya mizani yake daraja halina maana. Duka lile lilikuwa na mapinduzi ndani yake kuliko magazeti mengi niliyoyaandikia.

Kukopa harusi

Mchele wa majimbo ya magharibi ulikwenda Osaka, ukawekwa maghalani, na madalali wa Osaka wakauuza. Soko la mchele la Dojima, ambalo serikali ililitambua rasmi mwaka 1730, lilikuwa na watu walionunua na kuuza mchele kwa vitabu tu, kwa siku zijazo, bila gunia kuinuka. Shogun wa wakati huo, Yoshimune, alihangaika sana na bei ya mchele hata watu wakampachika jina la shogun wa mchele. Shida yake ilikuwa hii: mchele ulipokuwa mwingi bei yake ilianguka, lakini bei ya mafuta, nguo na karatasi haikuanguka nao. Mapato ya samurai yakawa yale yale kwa hesabu ya koku, na madogo kwa hesabu ya sokoni.

Mtu wa namna hiyo hufanya nini? Hukopa. Daimyo alikopa kwa matajiri wa Osaka kwa rehani ya mchele wa mwaka ujao, kisha wa mwaka ule mwingine, na riba juu yake. Samurai wa shogun kule Edo walipokea mchele wao kwa mikono ya madalali maalumu waliokaa karibu na maghala ya serikali. Mwaka 1724 madalali hao 109 walipewa haki ya peke yao kwa kazi hiyo. Walianza kwa kuuza mchele kwa niaba ya askari, wakaishia kumkopesha askari kwa dhamana ya mchele ambao bado haujatoka. Wahenga wetu walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Matanga ya samurai yalikuwa marefu.

Serikali ilijaribu dawa mbili, zote mbili sumu. Ya kwanza ilikuwa kumfilisi anayedai. Mwaka 1705 nyumba ya Yodoya ya Osaka, iliyokuwa imewakopesha mabwana wengi, ilinyang'anywa mali yake kwa kisingizio kwamba mwenyewe alijikweza kupita daraja lake. Ya pili ilikuwa kufuta deni kwa amri. Mwaka 1789 waziri Matsudaira Sadanobu aliwafutia samurai wa shogun madeni yao ya zamani kwa wale madalali wa Edo, zaidi ya ryo milioni moja za dhahabu. Askari walishangilia siku moja. Siku ya pili walirudi kukopa, na mlango ulikuwa umefungwa, kwani nani atamkopesha mtu ambaye bwana wake anaweza kulifuta deni kwa tone la wino?

Mabwana wa majimbo nao wakawakata askari wao mishahara, wakaita mkopo. Leo robo, kesho nusu, na mkopo huo haukurudi. Ndipo msomaji utakapomwona samurai ambaye filamu haimwonyeshi: ameketi chumbani mlango umefungwa ili jirani asimwone, anatengeneza mwavuli wa karatasi wa kuuza. Silaha yake ya vita iko kwa mkopeshaji, imewekwa rehani. Na kijana wa mfanya biashara amelipa fedha, ameandikwa mtoto wa kulea katika nyumba ya samurai aliyefilisika, na kesho yake atavaa panga mbili. Nasaba ambayo ilikuwa haipatikani ila kwa damu ikawa yapatikana kwa fedha. Hapo umwinyi ulikuwa umekwisha kufa; ulikuwa wangojea kuzikwa tu.

Aliyelipa yote

Lakini tukiwalilia samurai na mabwana zao peke yao tutakuwa tumedhulumu. Bwana alipobanwa na mkopeshaji, alimbana nani? Mkulima. Kodi kwa hesabu ya vitabu ilikuwa sehemu nne hadi tano katika kila kumi za mavuno, na kijiji kizima kilidhaminiana: akikosa mmoja, jirani hulipa. Kisha likaja baa la njaa mara tatu kubwa, mwaka 1732, tena tangu 1782 hadi 1788, ambapo mlima Asama ulilipuka mwaka 1783 na majivu yake yakafunika mashamba, na tena tangu 1833 hadi 1837. Watu walikufa kwa malaki. Hesabu ya watu wa Japani, kiasi cha milioni thelathini, ilikaribia kusimama pale pale zaidi ya karne moja. Wako wazee waliowazuia watoto wachanga wasiishi, na neno walilolitumia lilikuwa la shambani, neno la kung'oa miche iliyosongamana. Mimi nimelisoma neno hilo mara nyingi na kila mara kalamu hunitetemeka. Nchi ambayo mlima mchele hana mchele wa kumpa mwanawe, upanga wake unalinda nini?

Wala wakulima wote hawakuwa masikini walionyamaza. Wengine walijifunza soko. Kandokando ya Osaka walilima pamba, Awa walilima nili, na katika nyanda za Edo na milima ya kati walifuga nondo wa hariri. Mwaka 1823 vijiji zaidi ya elfu moja vya kandokando ya Osaka viliungana kupeleka mashtaka dhidi ya matajiri waliojipatia haki ya peke yao ya kununua pamba. Vijiji elfu moja, shauri moja, bila panga. Watu wale walikuwa wakijua bei. Mtu anayejua bei ya jasho lake si rahisi kumtawala kwa hadithi za nasaba.

Mwaka 1837 ndipo moto ulipowaka wazi. Oshio Heihachiro alikuwa ofisa wa zamani wa polisi ya Osaka na mwanachuoni mwenye wanafunzi wake. Aliona watu wanakufa kwa njaa mitaani na mchele unapelekwa Edo, matajiri wameufungia wao wa maghalani. Aliwaomba wakubwa wafungue, wakamdharau. Akauza vitabu vyake vyote akawagawia masikini fedha. Wewe uliyewahi kununua kitabu kwa kujinyima wajua maana ya mwanachuoni kuuza vyote. Kisha akainuka na watu wake kuyashambulia majumba ya matajiri. Uasi wake ulivunjwa siku ile ile, sehemu kama ya tano ya mji wa Osaka ikateketea, na yeye mwenyewe baada ya kujificha siku nyingi akajiua. Hakushinda. Lakini nchi nzima ilisikia kwamba aliyenyanyua mkono si mkulima mwenye jembe. Alikuwa ofisa wa serikali ile ile, mtu mwenye panga mbili. Kikulacho ki nguoni mwako.

Jimbo lililojifunza hesabu

Sasa mwalimu atauliza: kama wote walikuwa na madeni, mbona aliyeanguka ni shogun? Swali zuri, na jibu lake limo katika daftari la jimbo la kusini liitwalo Satsuma. Katika miaka ya 1830 Satsuma ilikuwa inadaiwa ryo milioni tano, deni lisilolipika. Bwana wake akamkabidhi kazi Zusho Hirosato, mtu wa daraja la chini aliyeanzia utumishi wake kwa kuandaa chai. Zusho aliwaambia wenye kudai kwamba watalipwa, bila riba, kwa muda wa miaka 250. Msomaji, piga hesabu mwenyewe: kama mapatano yale yangetimizwa, Satsuma ingekuwa ingali ikilipa leo, na ingeendelea kulipa hata baada ya mwaka 2080! Kisha akashika biashara kwa mikono miwili. Sukari ya visiwa vya Amami ikawa mali ya jimbo peke yake, na mkazi wa kisiwa aliyeiuza kwa siri alipewa adhabu ya kifo. Sifichi kwamba utajiri ule ulikuwa machozi ya wakata miwa. Lakini Satsuma ilipata fedha, na fedha ikanunua bunduki. Choshu, jimbo la magharibi lililotikiswa na uasi mkubwa wa wakulima mwaka 1831, nalo lilitengeneza hesabu zake kwa njia yake.

Serikali ya shogun nayo ilijaribu. Waziri Mizuno Tadakuni, tangu 1841 hadi 1843, alivunja vyama vya wafanya biashara akidhani bei zitashuka, akakataza mavazi ya fahari, akaamuru wakulima waliokimbilia Edo warudi makwao, mwisho akataka kuchukua ardhi ya mabwana iliyozunguka Edo na Osaka. Bei hazikushuka, mabwana waligoma, na yeye akafukuzwa. Satsuma ilifanya biashara. Edo ilitoa hotuba juu ya uzuri wa kuvaa pamba.

Hapo ndipo Perry alipoingia. Sisemi hakuwa na maana. Mwezi wa Julai 1853 alitokea na meli nne, mwaka 1854 akapata mkataba, na mwaka 1858 ukafuata mkataba wa biashara. Lakini itazameni silaha yake iliyoua zaidi. Bandari ya Yokohama ilipofunguliwa mwaka 1859, ikadhihirika kwamba nje ya Japani dhahabu ya uzani mmoja hubadilishwa kwa fedha ya uzani kumi na tano, na ndani ya Japani kwa fedha ya uzani tano hivi. Mfanya biashara wa kigeni alileta sarafu za fedha, akachukua dhahabu, akaipeleka Shanghai, akarudi na fedha mara tatu. Hakupiga risasi hata moja. Mwaka 1860 serikali ikaziba tundu kwa kutoa sarafu mpya yenye dhahabu kama theluthi moja tu ya ile ya zamani, na bei za vitu zikaruka. Hariri ilikimbilia melini, mfumaji wa Kyoto akakosa uzi, na mwaka 1866 mchele ulikuwa ghali hata Osaka na Edo zikalipuka kwa ghasia. Mwaka huo ulikuwa na maasi ya wakulima mengi mno katika historia ya utawala ule.

Na ile kamba ya amana? Mwaka 1862 serikali iliilegeza: mabwana waje Edo mara moja kwa miaka mitatu, na wake zao waruhusiwe kurudi majimboni. Ilitaka wapate fedha za kulinda pwani. Ilipofungua mkono, ndege wote waliruka. Mwaka 1866 Satsuma na Choshu zilifanya agano kwa siri, na mwaka huo huo jeshi la shogun lililokuwa kubwa zaidi lilishindwa na Choshu, ambayo ilikuwa na vikosi vilivyochanganya samurai na watoto wa wakulima. Mwezi wa Novemba 1867 shogun wa kumi na tano, Tokugawa Yoshinobu, alirudisha madaraka kwa mfalme, na Januari 1868 ikatangazwa serikali mpya. Jeshi lake lilikwenda vitani kwa fedha zilizotolewa, miongoni mwa wengine, na nyumba ya Mitsui, wale wauza nguo wa bei moja.

Wako watakaosema basi wafanya biashara ndio walioupindua umwinyi. La. Matajiri wa Osaka walikuwa wakimnyonya mwinyi, lakini pia walikuwa wakinyonya titi lake. Alipokufa, wengi wao walikufa naye. Serikali mpya iliyafuta madeni ya majimbo ya kabla ya mwaka 1843, na waliomkopesha Satsuma kwa miaka 250 wakaambulia karatasi. Waliopindua walikuwa samurai wa daraja la chini, wenye elimu na njaa, waliochoka kutii watu ambao sifa yao ilikuwa kuzaliwa. Nao hawakujua kwamba wanajipindua wenyewe. Majimbo yalifutwa mwaka 1871, na mwaka 1876 samurai wakapigwa marufuku kuvaa panga, mishahara yao ikageuzwa hati za deni. Na mkulima je? Alilipa kodi kwa fedha badala ya mchele, tena nzito, hata ikabidi ipunguzwe mwaka 1877 baada ya maasi. Anayebeba nyumba ndiye wa mwisho kuingia ndani.

Nimalize kwa hadithi mbili za kweli. Fukuzawa Yukichi, mwandishi mkubwa wa Japani mpya, alizaliwa Osaka mwaka 1835. Baba yake alikuwa samurai mdogo msomi, na kazi yake, aliyoichukia, ilikuwa kushughulika na matajiri waliomkopesha bwana wake. Aliwapeleka watoto wake kwa mwalimu wajifunze kuandika. Aliposikia kwamba wanafundishwa na hesabu, mbili mara mbili, alikasirika akawatoa, kwani hesabu ni kazi ya wauza duka. Mimi niliposoma habari hiyo niliduwaa. Maalimu aliyenifundisha Kurani chuoni ndiye aliyenifundisha pia mafungu ya mirathi, nusu na thuluthi na sudusi, na aliyekosea hesabu alichapwa sawa na aliyekosea aya, maana kwa hesabu mbovu yatima hudhulumiwa. Yule baba alikuwa mtu mwema. Lakini alishinda mchana kutwa akiomba muda kwa wenye madaftari, akarudi nyumbani kuwazuia wanawe wasijifunze daftari. Umwinyi wote wa Japani umo katika nyumba ile moja.

Hadithi ya pili ni ya Shibusawa Eiichi, aliyezaliwa mwaka 1840, mtoto wa mkulima mwenye uwezo aliyefanya biashara ya nili. Alipokuwa kijana alikwenda kwa niaba ya baba yake mbele ya ofisa wa bwana wa jimbo, akaamriwa watoe ryo 500. Akajibu kwa adabu kwamba atampelekea baba yake habari. Ofisa akamtukana. Kijana akarudi njiani akijiuliza kwa nini mtu mjinga amtukane mtu mwenye akili kwa sababu tu yeye kazaliwa ofisini na huyu kazaliwa shambani. Mwaka 1873 kijana huyo alianzisha benki ya kwanza ya Japani ya namna mpya, na baadaye akashiriki kuanzisha kampuni karibu mia tano.

Tangu mwaka 1984 noti kubwa ya Japani, ya yeni 10,000, ilikuwa na sura ya Fukuzawa, ambaye baba yake alikataza hesabu. Mwaka 2024 ikatolewa mpya, nayo ina sura ya Shibusawa, yule aliyetukanwa. Jina la ofisa aliyemtukana halimo katika noti yoyote.

Hayo ndiyo malipo yangu kwa mwalimu, na kwa kuwa baraza yetu haikubali deni lilipwe bila nyongeza, naongeza ubeti mmoja:

Upanga hulinda mali, wala haupandi shamba,
Na deni likiwa kali, humfunga mtu kamba,
Akiwa mja dhalili, nyumba ya bwana huyumba,
Adharauye ratili, mwishowe huuza panga.

Wahenga walitangulia kusema: mali bila daftari hupotea bila habari. Japani iliyopotea ni dola nzima, na habari zake zimo zote katika madaftari ya wakopeshaji.